Malkia Anataka Walinzi Watatu

Mke wangu ni fundi wa lifti. Watu wakisikia hivyo hunitazama mimi, kana kwamba nimekosea kusema. Ana miaka hamsini na miwili, magoti yanayolalamika, na mfuko wa bisibisi anaotembea nao kila mahali na ambao haruhusu mtu kuugusa, hata mimi niliyemuoa.

Mchezo wa kadi aliurithi kwa binti yetu, aliyeolewa akaacha boksi zima chini ya kitanda: mazimwi, wachawi, malkia. Mimi nilitaka kuzitupa. Yeye alikaa nazo jikoni akasoma kijitabu cha sheria kama anavyosoma michoro ya umeme, kidole mstari kwa mstari. Mwaka haukuisha akawa anawanyoosha vijana kwenye duka la michezo kila Jumamosi, nami nikimbebea chupa ya chai na kujifanya sijali.

Jumamosi moja nilishindwa kujifanya. Duka lilikuwa linachagua wachezaji wanne wa kwenda mashindano ya taifa, na nafasi ya nne waliigombea wawili: mke wangu na mfamasia mmoja mwenye ulimi mrefu. Katika miaka ishirini na sita ya kazi, mke wangu hajawahi kuteuliwa kwenda popote. Huteuliwa wanaume aliowafundisha yeye. Nafasi hii niliitaka kuliko alivyoitaka mwenyewe.

Mfamasia alikuwa amebakiwa na alama tano za uhai. Mke wangu akaweka mezani Malkia wa Majivu. Kadi hiyo ina sharti: Malkia akiingia, ikiwa una walinzi watatu, mpinzani anapoteza alama tano. Niliwahesabu walinzi wake. Watatu. Nikawahesabu tena.

Sheria humpa mpinzani nafasi ya kujibu kabla nguvu ya kadi haijatenda. Mfamasia akatupa kadi ya moto, akamchoma mlinzi mmoja. "Angalau nisife peke yangu," akasema, akaanza kukusanya kadi zake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Kaa chini, mwanangu," mke wangu akamwambia. "Bado hujafa."

"Si umeshinda, mama?"

"Sharti linaangaliwa mara mbili. Malkia anapoingia, na tena nguvu yake inapotaka kutenda. Umenichomea mmoja, nimebaki na wawili. Haifanyi kazi."

Mwenye duka, ambaye ndiye mwamuzi, akafungua kijitabu, akasoma, akajikuna kichwa. "Mama yuko sahihi," akasema.

Zamu mbili baadaye mfamasia akashinda.

Nilikasirika, sifichi. Njia nzima sikumsemesha. Tukaingia kwenye lifti ya jengo letu, ambayo anaitunza yeye. Mwaka juzi swichi ya mlango iliharibika, mwenye jengo akamtaka aunganishe waya ili lifti iende bila swichi mpaka kipuri kipatikane. Alikataa katakata. Siku tatu tulipanda kwa miguu hadi ghorofa ya sita, jirani yetu akihema na kulaani, na ndiye aliyembandika jina la Bibi Ngazi. Mimi nami nililaani, ila kimoyomoyo, maana chakula nilikuwa nakula kwake.

Akabonyeza sita. "Hii nayo inauliza mara mbili," akasema. "Ukibonyeza, inauliza kama mlango umefungwa. Kabla ya kuondoka, inauliza tena. Mtu akiingiza mguu hapo katikati, haiendi."

"Lakini yule hakujua!" nikafoka. "Hata mmoja pale hakujua!"

"Hata wanaopanda lifti hawajui," akanijibu. "Mimi najua."

Niliangalia vidole vyake vyenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, hasira ikaniisha yote. Nilimwonea fahari. Nikampokea ule mfuko wa bisibisi, naye, kwa mara ya kwanza, akaniachia.

Mlango ukafunguka ghorofa ya sita. Jirani alikuwa koridoni na ndoo yake ya kufanyia usafi.

"Vipi huko, Bibi Ngazi kashinda?"

Mke wangu akafungua mdomo, lakini nilimtangulia.

"Kashindwa!" nikasema, kifua mbele, kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya chini.