Nilirekodi vipindi vyangu vya Physics kwa ajili ya Masters, na kuna sauti moja ya dawati la nyuma ambayo hainitoki

Wakuu, habari za likizo. Walimu wenzangu mlioko huku, poleni na kazi.

Hii stori nimeiandika na kuifuta mara tatu. Leo naiachilia vile ilivyo. Sijatia chumvi. Majina nimebadilisha na shule sitaitaja, kwa sababu bado nafundisha hapo na watoto ni wa wenyewe.

Ni ndefu kiasi. Weka chai karibu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ruiru, nafundisha Physics na Maths kwa day school moja ya mixed upande wa Kiganjo, Thika. Miaka kumi na nne nikiwa na chaki mkononi. Nilipokuwa Form Four, class yetu ya Physics ilikuwa na wasichana watatu pekee, mimi nikiwa mmoja wao. Kwa hivyo kama kuna mtu alijiona mtetezi wa wasichana kwa sayansi, ni mimi. Hata kwa staffroom walikuwa wananitania.

Masters nilianza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni promotion, hiyo kila mwalimu anaijua. Ya pili sikuwa naiambia mtu: nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nafundisha notes zilezile kama kanda, na nilitaka kujua kama kichwa bado kinafanya kazi.

Masomo yalikuwa kwa campus moja hapo Ruiru, Jumamosi na wakati wa likizo. Tulikuwa walimu watupu. Mmoja wa Chemistry, wawili wa Biology, mwingine ametoka mbali hadi anafika akiwa na vumbi kwa viatu. Asubuhi sisi ni wanafunzi tunaogopa kuulizwa swali, Jumatatu tunarudi kuuliza watoto wa wengine. (Kama unafikiria kuingia Masters ukiwa mwalimu, jua tu Chapter Two itakutoa machozi. Ni hayo tu kwa sasa.)

Supervisor wangu nitamwita Daktari. Mzee mpole, haongei sana, anasoma kazi yako na penseli mkononi.

Nilimpelekea proposal nikiwa na raha. Nilitaka kujua kwa nini wasichana wanaacha Physics wakimaliza Form Two, wakati wa kuchagua masomo. Nilikuwa nimetengeneza questionnaire safi kabisa: kama wanaogopa hesabu, kama wazazi wanawakatisha tamaa, kama hawana role models.

Daktari akasoma kurasa zote, akaweka penseli chini. Akaniuliza, "Hao wasichana utawauliza maswali. Na wewe, mwalimu, nani atakuuliza?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba anataka nirekodi vipindi vyangu mwenyewe, niviandike neno kwa neno, halafu nitafute jibu humo ndani kabla ya kulitafuta kwa watoto. Nilikasirika, wakuu. Nilitoka hapo nikijiambia huyu mzee anataka kunipotezea mwaka. Lakini supervisor ni supervisor. Nikabadilisha.

Nikatafuta barua zote zinazotakikana, principal akakubali, wazazi wakatia sahihi. Form Two yangu ilikuwa na watoto hamsini na wanane kwa darasa moja, kwa hivyo simu moja haingetosha. Moja niliweka kwa mfuko wa lab coat yangu. Nyingine, simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo, niliweka dirishani nyuma ya darasa. Wiki ya kwanza watoto walikuwa wanaiangalia na kuchekacheka. Baadaye wakaizoea, wakasahau iko.

Nilirekodi term ya pili yote na sehemu ya term ya tatu. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nahifadhi kwa laptop na kuendelea na maisha, kwa sababu kulikuwa na marking, kulikuwa na mtihani, kulikuwa na syllabus.

Mwisho wa mwaka zikaja fomu za kuchagua masomo. Mwalimu wa somo anatia sahihi kuonyesha kwamba anajua mtoto anaacha somo lake. Bunda lilikuja mezani kwangu wakati wa break, nikatia sahihi zote nikinywa chai.

Mmoja wa wale walioacha alikuwa msichana nitakayemwita Nyokabi. Ungeniuliza siku hiyo Nyokabi ni nani, ningekwambia ni mtoto mtulivu, anakaa nyuma, hana shida. Hivyo tu.

Sasa, likizo ya Aprili ndiyo nikaanza kuandika zile rekodi. Wale hamjawahi, kipindi kimoja cha dakika arobaini kinakula siku nzima. Watoto wanaongea Kiingereza, Kiswahili, Kikuyu, Sheng, yote kwa sentensi moja. Hakuna app inaweza hiyo kazi. Ni wewe na earphones.

Nilikuwa nakaa library ya campus, meza ya karibu na dirisha, kuanzia saa tatu asubuhi. Nilianza na simu ya mbele, ile ya mfuko. Na wakuu, nilijipenda. Nilisikia mwalimu mchangamfu, anauliza maswali, anapongeza watoto, darasa linacheka. Nikasema Daktari atajua hajui.

Halafu nikaweka ya nyuma.

Kilikuwa kipindi cha kengele ya umeme. Nimewaonyesha ile kengele ya lab, inalia, nikauliza: kwa nini inaendelea kugonga, mbona haigongi mara moja ikanyamaza?

Kwa simu ya mbele, baada ya hilo swali kuna kimya, halafu kijana nitakayemwita Kevin anajibu kwa Kiingereza safi, nami nasema excellent, mpigieni makofi.

Kwa simu ya nyuma hakuna kimya. Kuna sauti ya msichana, si ya juu sana lakini iko wazi, inasema, "Ikivutwa inajikata yenyewe, halafu inarudi." Ndiyo jibu. Lote. Kisha inarudia tena, kwa nguvu kidogo. Kisha Kevin, aliyekuwa dawati la mbele yake, anaichukua, anaitia Kiingereza, anaisema kwa sauti.

Makofi yanapigwa. Chini ya makofi unamsikia deskmate wake anamuuliza, "Si ni wewe umesema?"

Naye anajibu, "Wacha tu."

Nilirudisha nyuma mara sijui ngapi, nikaangalia mpango wa madawati: nyuma ya Kevin anakaa Nyokabi. Mwanzoni nilijiambia ni bahati mbaya, darasa ni kubwa, nilikuwa mbali. Nikafungua rekodi zingine. Akajibu tena kwa kipindi cha vioo. Akajibu tena kwa Hooke's law. Kuna moja niko karibu naye kabisa, hata simu ya mfuko imemshika, hata mimi mwenyewe nilipoisikiliza mara ya kwanza sikuwa nimemsikia. Sauti iko hapo. Masikio yangu yameipita tu kama gari linapita.

Jina lake nimelitaja mara moja katika rekodi zote. Alikuwa amesimama kuuliza swali. Nikasema, "Nyokabi, kaa chini tumalize syllabus." Darasa likacheka. Nami nikacheka, najisikia hapo nikicheka.

Rekodi za term ya tatu hajibu tena. Kuna moja deskmate anamwambia, "Jibu basi, si unajua." Anasema amechoka.

Mtoto wa Form Two.

Nilifunga laptop nikaenda kukaa nje kwa ngazi. Yule mwenzangu wa Chemistry akapita, akaniuliza kama kuna mtu amefariki nyumbani.

Nilimpelekea Daktari. Akasikiliza na earphones, macho chini. Alipomaliza akaniambia taratibu kwamba sasa niko na thesis. Hakuwa na ubaya, najua. Lakini nilimchukia siku hiyo.

Shule ilipofunguliwa nilienda moja kwa moja kwa deputy. Nikamwomba Nyokabi arudishwe Physics. Akasema ni ngumu, amepoteza term nzima na timetable inagongana, lakini kwa sababu ni mimi naomba, atakubali mradi mtoto mwenyewe atake. Nikaona Mungu amenifungulia mlango.

Nikamwita Nyokabi lab wakati wa lunch. Alikuja akifikiri amekosea kitu, amekunja mikono nyuma. Nikamwambia kila kitu. Nikamwekea ile rekodi ya kengele.

Alisikiliza sauti yake hadi mwisho. Akatabasamu kidogo, halafu ile tabasamu ikapotea.

Akasema, "Kumbe nilikuwa nasikika, madam."

Wakuu, mwaka mzima huyu mtoto alifikiri shida ni sauti yake. Alikuwa amejiambia kwamba ana sauti ndogo, kwamba madam hawezi kumsikia kutoka huko nyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa inamfariji. Mimi ndiye nimemwondolea hiyo faraja, kwa mkono wangu, na laptop yangu.

Nikamwomba msamaha. Akasema ni sawa. Nikamwambia deputy amekubali, nitamfundisha mwenyewe jioni hadi afikie wenzake. Akaangalia ile kengele kwa rafu, akaniangalia. "Hapana, madam. Hata nikiona hizo formula siku hizi nasikia tu kulala. Wacha nimalize na hizi niko nazo."

Nilimbembeleza wiki mbili. Nikaacha nilipoona ameanza kupitia njia ya nyuma ya jikoni ili tusikutane.

Academic day, mama yake alikuja. Wanaishi mtaa wa Landless, mama anafanya kazi ya kufunga matunda kwa shamba moja huko nje ya mji, alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Alinisalimia kwa mikono miwili. Akaniambia Nyokabi zamani alikuwa anasema atasomea mambo ya stima, hata pasi ya jirani aliwahi kufungua akairekebisha. "Siku hizi hasemi hiyo maneno," akasema, "lakini mtoto hubadilika. Asante sana kwa kumfundisha, mwalimu."

Nilipaswa kumwambia. Nilimwambia karibu tena. Kulikuwa na foleni ya wazazi nyuma yake, na nilijificha kwa hiyo foleni.

Thesis ilienda vizuri. Hapo ndipo panaponiua. Panel ilisifu data, wakasema ni adimu mwalimu kujianika hivyo. Kwa maandishi Nyokabi ni L31, kwa sababu sheria ya utafiti ni kuficha jina. Mmoja wao alicheka pale pa Kevin na makofi. Mwingine akauliza simu zilikuwa umbali gani kutoka kwa madawati. Hakuna aliyeuliza L31 yuko wapi saa hii. Nilipita, na marekebisho madogo, mengi yakiwa ni margins na nukta.

Siku ya graduation tulichoma nyama. Dada yangu alinivalisha maua. Kila mtu alikuwa ananiambia hongera nami naitikia asante, asante, nikiwa nimeshika ile karatasi kama kitu nimeokota.

Nyokabi alimaliza Form Four mwaka jana. Nasikia anasomea mambo ya hoteli na anaendelea vizuri. Labda anaipenda. Labda hata Physics angekuja kuichukia mwenyewe. Sitajua, na hakuna chapter ya kuandika hilo.

Mtasema, si angalau umejifunza. Nilifikiri hivyo pia. Nilitengeneza register ya kuweka alama kila mtoto akijibu, nikawa natembea hadi nyuma. Ilidumu wiki kadhaa. Halafu mtihani wa mock ukaja, tukaitwa mkutano wa mean score, darasa likaongezwa watoto, nami nikarudi kwa wale wenye mikono juu, kwa sababu wakijibu tunasonga. Nafanya hivyo nikijua. Kabla sikujua. Niambieni ni gani mbaya zaidi.

Somo ninaloweza kuwaachia ni dogo na halinifariji: utafiti unaweza kukuonyesha kosa lako vizuri sana, hata ukapewa digrii kwa kuliona, na kosa likabaki pale pale. Kama wewe ni mwalimu na unataka kufanya action research, fanya. Lakini sikiliza rekodi zako wiki hiyo hiyo. Usingoje likizo. Mimi ningesikiliza Juni, fomu ya Nyokabi isingepita mezani na chai.

Walimu, mnafanyaje na darasa la watoto sitini na dakika arobaini? Nauliza kwa kweli, sitafuti huruma. Na wewe uliyekuwa ukijibu kutoka nyuma ukaacha, tuambie ni somo gani, na ilikuwa siku gani. Andika kwa jina lolote unalotaka. Nitasoma kila mmoja wenu.