Si Kitabu cha Kufungia Njugu

Asenath Muhonja wa Ziwani alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, mpaka umguse kitabu chake cha jiometri. Hapo ndipo ungemjua.

Mchana alishona viatu vya ngozi Kariokor. Jioni, mwaka huo wa tisini na tatu, alivua aproni akakimbilia tuisheni kwenye ukumbi wa kanisa, maana alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, mama mzima mwenye binti sekondari. Majirani walisema weee. Aliwaacha waseme.

Balaa lilianza Mwalimu Kweyu alipotangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila mwanafunzi awe na toleo jipya la kitabu cha jiometri. Kurasa hazilingani, alisema, naye amechoka kungoja watu wakipekuapekua. Mwenye toleo la zamani abaki nje.

Kitabu cha Asenath kilikuwa cha zamani kweli, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Ndicho alichotoka nacho siku aliyofukuzwa shule akiwa kidato cha pili, mimba ya binti huyo, Millicent, ikianza kuonekana chini ya sare. Penseli yake iliishia katikati ya sura ya duara. Aliyempa mimba hiyo alimaliza masomo yake na hakuna aliyemuuliza kitu. Jambo hilo lilimchoma Asenath mpaka leo, wala hakulificha.

Lakini mtihani ni mtihani. Jumamosi akapiga moyo konde, akaenda kwa Nzomo, aliyeuza vitabu vya mitumba kando ya barabara karibu na soko la Burma. Kwa Nzomo ulileta kitabu cha zamani, ukaongeza pesa kidogo, ukaondoka na kipya. Bila kubadilishana hivyo, kipya kingemshinda bei. Nzomo akamwekea kimoja mbele yake: jalada linang'aa, michoro ina rangi, majibu yote yako nyuma. Asenath alikipenda, tusidanganyane.

Kisha Nzomo akachukua kile cha zamani, akashika jalada tayari kulirarua.

"Unafanya nini?" Asenath akauliza.

"Hiki hakina mnunuzi, dada. Jalada natupa, za ndani nawapelekea kina mama wa njugu. Karatasi yake ni nzito, inafaa kufungia."

Asenath alikuwa amekula njugu hizo miaka nenda miaka rudi, pembetatu zimechorwa kwenye karatasi, na hakuwahi kujiuliza karatasi hizo zilitoka wapi. Sasa akaona duara lake limekunjwa, limejazwa njugu, mtu anatafuna na kulitupa mtaroni. Akakinyakua kitabu chake na kuondoka, kile kipya akakiacha pale pale kilipokuwa.

Jumatatu aliingia ukumbini nacho mkononi, kweupe.

"Mama Millicent," Kweyu akasema, "si tulikubaliana?"

"Ulikubali wewe, mwalimu. Mimi nilinyamaza." Alikuwa ameshakaa. "Nilishatolewa darasani mara moja kwa sababu ya nilichobeba. Nilikuwa mtoto, nikatoka. Leo sitoki. Yale ambayo kitabu changu hakina, nitanakili kwa wenzangu. Ukitaka nitoke, nibebe."

Muthama, dereva wa lori aliyekaa naye benchi moja, akasukuma kitabu chake kipya mpaka kikawa katikati yao wawili. Kweyu akamtazama Asenath, ambaye hakuwa mwanamke mwembamba, akaipima hiyo kazi ya kumbeba, akageukia ubao.

"Sura ya duara," akasema, bila kutaja ukurasa. "Kila mtu afungue kwake."

Asenath alifungua kwake. Swali la mwisho alilolianza akiwa msichana lilikuwa bado linamngoja, nusu yake haijajibiwa. Alilimaliza hilo kwanza, Kweyu apende asipende, ndipo akafunua ukurasa ambao penseli yake haikuwahi kufika.