Maji ya Kupatana

Juzi binti yangu aliniuliza mbona siswali, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mtoto, tukiishi Kitengela, mifereji imekauka, upepo ukileta vumbi na harufu ya mbuzi. Mama alikuwa hajaswali siku kadhaa. Sasa najua ilikuwa hedhi. Wakati huo niliamini amekosana na Mungu, na kwamba kuoga ndiko kunakowapatanisha, kwa sababu kila mara akishaoga kutoka utosini hadi vidoleni, alirudi kwenye mswala. Alasiri hiyo alikuwa na nusu ndoo tu. Nikaijaza kwa maji yangu ya kuoga.

“Na wewe utaoga na nini?”

“Oga wewe, Mama. Mpatane na Mungu.”

Akaingia bafuni na ndoo. Nikaketi mlangoni, nikisikiliza maji yakishuka polepole. Kisha nikamsikia akicheka huko ndani, nikajua wamepatana.