Choo cha Mkwe

Saratani ilipomzidi Mama, nilimtoa kwake Sori nikamleta kwangu Ndhiwa. Jamaa walinung'unika: mama mzazi hakai kwa mkwewe. Niliwauliza nani kati yao atampimia mofini.

Mofini ya maji ilimtuliza maumivu, ikampa usingizi. Kisha akafunga choo. Tumbo likawa gumu kama ngoma, na chakula akawa anakisukuma pembeni. Mdogo wake alipokuja kumwona, aliinyakua chupa ya mofini mezani.

"Hii ndiyo inayomfunga. Naitupa."

"Irudishe, Mama mdogo."

"Unataka kumuua dada yangu?"

"Nataka alale. Irudishe."

Aliirudisha, akaondoka bila kuaga. Lakini Mama alikuwa amesikia. Jioni alikataa mofini, na kulipokucha alikuwa ameuma shuka kwa maumivu.

Muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani alifika asubuhi hiyo. Alimpapasa tumbo, akauliza kama anameza vidonge vya kulainisha choo. Mofini hufunga tumbo, alisema, ndiyo maana huwa tunavitoa pamoja nayo.

"Nampa kila jioni," nilijibu.

Mama alifungua pindo la leso yake. Vidonge vilikuwa humo, vyote.

"Mama! Kwa nini?" muuguzi aliuliza.

"Vikifanya kazi nitaenda wapi? Choo cha hapa ni cha mkwe wangu. Nikutane naye mlangoni, karatasi mkononi?"

Muuguzi alicheka. Mama naye alicheka, ameshika tumbo.

Mimi sikucheka. Nilichukua kiti cha plastiki sebuleni, nikakitoa nje pamoja na msumeno. Mume wangu alinikuta nakitoboa.

"Hicho si cha wageni?"

"Na huyu aliye chumbani ni nani?"

Alikitazama kiti, akaenda kuniletea tupa. "Lainisha ukingo, utamkata." Kisha akatoka bomani, akakaa sokoni hadi jioni.

Niliweka ndoo chini ya kiti, nikatundika pazia. Muuguzi alimwekea Mama dawa ya njia ya nyuma, akamwachia maagizo: maji, papai, na vidonge vimezwe mbele yangu. Mofini isiachwe.

Mama mdogo alirudi alasiri, akasimama katikati ya chumba akinusa.

"Ni nini hiki?"

"Ni mimi," Mama alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Mdogo wangu, njoo umwage ndoo. Ukishanawa mikono, niletee ile chupa yangu."