Paa Nunga na Mbwa wa Baba Mkwe

Mimi mtu wa Malindi, na paa nilikuwa nikimjua kwa nyama tu. Mke wangu wa Chwaka ndiye aliyenionyesha paa nunga akiwa hai, nyuma ya konde la mihogo la baba yake, pale udongo unapokwisha na maweni kuanza: mawe makali, vichaka vilivyosongamana, maji hakuna. Walikuwa wawili, jike na dume, kimo cha goti, wekundu, wenye shungi utosini, madoa meupe miguuni na ukanda mweupe matakoni. Walikuwa wakiokota maua yaliyoangushwa na kima mtini. Niliwapenda, sifichi.

Baba mkwe ni msasi wa zamani. Paa nunga alipokatazwa kusaswa, mzee aliweka nyavu darini, lakini mbwa hakuwaacha. Na mbwa hajui marufuku.

Asubuhi moja walikata kamba wakaingia maweni. Tukasikia mlio wa kutisha. Tulikimbia sote wawili, yeye na kisu, mimi na gongo, mawe yakinichana miguu. Mbwa walikuwa wamemwangusha jike; mmoja kamng'ang'ania koo, wengine wanampasua tumbo.

"Wapige! Asifie mdomoni mwao!" akapiga kelele baba mkwe.

Tukapiga pamoja. Gongo lilinivunjikia mgongoni mwa mbwa, nikatia mikono mitupu kwenye mate yale najisi, nikang'atwa kiganja, sikuachia. Wakati ule nilimpenda mzee yule. Nilidhani tunapigania kitu kimoja. Mbwa walipomwachia nikamkumbatia paa, moyo wake ukinidunda kifuani.

"Mlaze kibla, mwanangu, upesi," akasema. "Mbwa wamejiendea wenyewe, hapana aliyewapigia bismillahi. Akifa hivi bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi."

"Baba, mie nnamtaka mzima!"

"Mzima wa wapi? Huoni matumbo yashatoka?"

Yalikuwa yametoka kweli, ya moto, juu ya miguu yangu. Sikutaka kuyaona. Tukavutana, yeye kashika miguu, mimi kiwiliwili, nikamtolea maneno ambayo mtu hamwambii mkwewe. Paa akalia tena. Kisha moyo ukasimama, huku bado tunavutana.

"Kibudu," akasema mzee. Akarudisha kisu alani, akawaachia mbwa mzoga wao.

Dume alikuwa kwenye kichaka, akipiga kwato juu ya jiwe, haondoki.

Nyumbani, mke wangu alinisugua kiganja kwa maji na udongo kuondoa najisi. Akaniuliza nani aliyemchinja yule paa.

"Hakuna," nikamjibu.