Nafasi Mbele ya Nyumba ya Donat

Maman Victorine alipata alichokitaka, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Alitaka nafasi ya gari mbele ya mlango wake, basi, hakutaka makuu. Yeye na mumewe, papa Donat, waliinunua nyumba ile baada ya miaka mingi ya mke kupiga deki maofisi ya mtaa wa Schuman kabla wenye ofisi hawajaamka, na mume kubeba makatoni kwenye ghala la Anderlecht. Ni mtaa wa pembeni mwa Brussels, mtaa wa vibustani na mapazia meupe, na tramu inaishia jirani. Ubaya ulikuwa hiyo tramu. Watu wa mbali walikuwa wanakuja asubuhi, wanayaacha magari yao pale, wanapanda tramu kwenda kazini, na wenyeji wanabaki kuzunguka wakitafuta pa kuegesha.

Kuzunguka si kitu ukiwa mzima. Lakini figo za papa Donat zilikuwa zimechoka, ikabidi awe anapelekwa hospitali kusafishwa damu, na Victorine ndiye aliyekuwa akimrudisha na kigari chao. Wanaegesha kule mwisho wa mtaa, wanakuja wameshikana, mume anapumzika kwenye kila ukuta wa jirani. Siku moja ya mvua akaanguka mbele ya mlango wa watu. Victorine alimwinua huku analia, na alikuwa analia kwa hasira.

Kwa hiyo serikali ya mtaa ilipowaita wakazi kwenye ukumbi wa shule, wajadili kama maegesho yawe ya kadi, mkazi apewe kadi yake na mgeni awekewe saa za kuegesha, Victorine alikuwa amekaa kiti cha mbele. Ukumbi ulikuwa umepasuka pande mbili. Watu waliozoea kuazimana ngazi walikuwa wanatukanana kwa adabu. Aliyepinga kuliko wote alikuwa mzee Lucien, Mbelgiji wa nyumba ya pili, mjane. Alisema binti yake huja kumwona Jumapili, na akiwekewa saa, atakuwa anakaa na koti mwilini.

Victorine akasimama. Akasema, kwa Kifaransa chake kisichozunguka, kwamba mume wake hana miguu ya kungojea Jumapili za mtu. Angeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini akaongeza kwamba kwao Kongo mgeni hafukuzwi na saa, kwa hiyo yeye haoni cha kuogopa. Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile Lucien hakumsalimu tena, na upande wa Victorine ukashinda.

Na kweli raha ilikuja. Papa Donat akawa anashuka garini na kushika kitasa cha mlango wake. Alicheka siku ya kwanza, akamwambia mke wake kwamba sasa wanaishi kama mabalozi.

Lakini huyu Donat alikuwa mtu wa watu, hilo lazima lieleweke. Wakatanga wenzake wa Liège, wa Charleroi, wa kila mahali, walikuwa wakitoka misa Jumapili wanakuja kwake bila simu wala hodi ya maana. Wanakula bukari, yaani ugali wa kwao, wanabishana, wanakaa mpaka wachoke wenyewe. Mashine ya hospitali ilimsafisha damu. Hamu ya kuamka kesho yake aliipata kwa wale watu. Jumapili alikuwa ananyoa ndevu mapema na kujiweka kwenye kiti chake cha dirishani, na Victorine alijua kabisa kwamba siku nyumba ile itakapokosa watu, mume wake naye hatakaa sana.

Jumapili moja binamu wa Liège akatoka akakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Alicheka, akaitia mfukoni, lakini Victorine alitamani ardhi immeze. Mtu amekuja kumwona mgonjwa, anarudi na faini! Akauliza majirani, akaambiwa kuna njia: mwenye nyumba anaweza kumwandikisha mgeni kwa simu, anataja namba ya gari na saa ambayo mgeni ataondoka. Akafurahi. Akawa anatembea na simu kwenye mfuko wa aproni.

Na hapo ndipo alipoharibu. Kwao mgeni unaweza kumuuliza kwa nini amenenepa, unaweza hata kumuuliza mke wake alimkimbilia nani, lakini humuulizi anaondoka saa ngapi. Ukimuuliza umeshamfukuza. Victorine alilijua hilo tangu akiwa mtoto kule Likasi. Alijiambia tu kwamba hapa ni Ulaya, wataelewa, ni kwa faida yao. Mtu hajavua koti, yeye ameshatoa simu.

"Karibu, papa. Utabakia mupaka saa ngapi?"

"Ah, maman, minapita tu."

Na kweli wakawa wanapita tu. Wengine hawakukaa hata bukari iive. Kwenye saluni za Wakongo za Galerie d'Ixelles wanawake walishaanza kusema kwamba kwa Victorine unapimiwa saa, ila yeye hakuambiwa na mtu. Watu hawakwambii, wanakuwa na kazi nyingi ghafla. Jumapili zikapungua wageni, moja baada ya nyingine, na papa Donat ananyoa ndevu vilevile, anakaa dirishani, anatazama barabara yenye nafasi za kumwaga.

Siku moja akasema bila kugeuka, "Victo, uliniletea parking, ukaniondolea bantu."

Bantu wake, wale watu wa Jumapili. Victorine alijifungia jikoni akalia. Jumapili iliyofuata akaifungia simu kabatini baada ya kumpigia kila mtu kumwomba aje, akapika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wa kushibisha harusi. Lakini watu waliozoea kuingia tu, ukiwaita kwa simu wanaona kuna jambo: mchango, au habari mbaya. Wakasema tutaona. Alikuja Dady peke yake, mdogo wake Donat. Siku chache baadaye papa Donat akafia kwenye kiti kile, mchana kweupe, uso kwenye kioo.

Victorine alikuwa ameanza kusogeza makochi ili watu wa matanga wapate pa kukaa, Dady alipomshika mkono.

"Yaya, matanga tutafanya kwangu. Kule bantu banaweza kubakia."

Alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa upole, na upole ule ulimkata kuliko tusi. Akaenda. Kwa Dady ni ghorofa za Anderlecht, chini kuna uwanja ambao hakuna mtu anayeuliza gari ni la nani. Walikuwa wamejaa mpaka kwenye korido. Binamu wa Liège, watu wa Charleroi, wote, wanaimba, wanalia, wanalala chini. Sephora, mke wa Dady, akamwonyesha godoro la mjane. Victorine akaketi kumlilia mume wake kwenye nyumba ya wenyewe, kama mgeni, akitazama watu ambao Donat aliwangoja.

Baada ya maziko Dady akamrudisha. Mtaa ulikuwa mtupu, akachagua pa kuegesha. Kwenye dirisha la nyumba ya pili mzee Lucien alikuwa amekaa peke yake; ilikuwa Jumapili. Dady aliingiza mizigo, akaketi kwenye ukingo wa kochi. Victorine hakumuuliza kitu. Alimwomba tu abakie kidogo, akakimbilia jikoni kuweka maji ya chai, na alipotoka na kikombe alimkuta ameshasimama, anachungulia gari lake.

Koti hakuwa amelivua. Akainywa ile chai amesimama.