Sahani ya Maji na Shingo ya Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Temeke shingo haikuumwa bure. Tumbo liliweza kuuma kwa maembe mabichi, jino likauma kwa mdudu, lakini shingo ikikukaza zaidi ya wiki mbili, watu walianza kuulizana kwa sauti ya chini: nani amemkalia? Tuliamini kwamba mtu aweza kumtuma jini akakae mabegani kwa mwenzake, mguu huku na mguu huku, kama mtoto anavyobebwa na baba yake kwenda kutazama ngoma. Nacheka nikiyakumbuka haya, lakini si cheko la furaha. Nimefanya mengi ya kijinga duniani, na mengi nimejisamehe. Hili la shingo ya mama nalionea haya hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vile vikubwa vimekwisha, nguo ndiyo kwanza zinaanza kupatikana tena madukani. Temeke haikuwa hii mnayoiona nyie. Ilikuwa mikorosho, mashamba ya mihogo na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Baba alikuwa kuli bandarini. Mama alishona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono, na mwenye duka mmoja wa Kariakoo alizichukua zote. Kofia moja ilimla mwezi mzima. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, kofia juu ya goti, kichwa amekiinamisha mpaka kidevu kinakaribia kugusa kifua, tangu tunakunywa uji mpaka jua linakwenda zake. Hakuna aliyeiita kazi. Mwanamke amekaa kivulini na sindano, ati amechoka na nini?

Nilikuwa na miaka tisa hivi shingo yake ilipoanza. Kwanza alikuwa akiishika na kuguna. Baadaye akawa hawezi kugeuza kichwa. Ukimwita, anageuka mwili mzima. Asubuhi aliamka nayo, akalala nayo. Akaumikwa pembe, akachanjwa, akafungwa hirizi. Kila dawa ilimtuliza siku tatu nne, naye akirudi kwenye kofia zake, maumivu nayo yanarudi. Miezi ikapita hivyo.

Ukuta kwa ukuta na sie alikaa mjane mmoja, Bi Sikudhani. Alikuwa Mmwera kutoka Lindi, mwenye chale za kwao mashavuni, na alijitafutia kwa kuuza mihogo ya kuchemsha. Kila asubuhi kabla ya kutoka na ungo wake, alikuja kwetu na kitambaa alichokichovya katika maji ya moto ya chumvi, akamweka mama shingoni, kisha akamkanda polepole kuanzia chini ya masikio mpaka mabegani. Mama alifumba macho. Ndiyo saa pekee katika siku nzima niliyomwona uso wake umelegea.

"Mwenzangu, shingo hii ni kofia," Bi Sikudhani alimwambia siku moja. "Kichwa kizito ati. Ukikining'iniza mbele kutwa nzima, nani anakibeba? Si mishipa hiyo? Weka mto mapajani, kofia ipande juu, kichwa kikae wima. Na uwe unainuka, unatembea kidogo."

Mama akacheka. "Toka lini kofia ikamuumiza mtu? Bibi yangu kashona mpaka kafa."

"Na shingo yake ilikuwaje?"

Mama akarudi kuinamia kofia yake. Mwenyewe alikwisha kunisimulia kwamba bibi huyo alizeeka akitazama chini, salamu za watu akizipokea bila kuwaona nyuso.

Hapo Bi Sikudhani akanigeukia mie. "Na huyu Zena mpe sindano. Mkubwa huyu. Akikupokea saa mbili tatu, nawe utapumua."

Loo! Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Tangu siku ile mdako wangu ukaisha. Wenzangu walikuwa wakirusha vijiwe vyao kwenye uwanja wetu, nami nimekaa mkekani najitoboa vidole kwa sindano, namsikia kila anayeshinda. Nilimchukia Bi Sikudhani kwa moyo wote. Yeye alikuwa anamtafutia mama nafuu, na mie nilichoona ni kwamba kanikatia mchezo.

Majirani wakamshauri mama amwite mganga kutoka Mbagala, aliyesifika kwa kutazamia. Akaja alasiri moja, mtu mtaratibu, kanzu safi, sauti ya upole. Kutazamia kwake kulihitaji mtoto wa kike ambaye bado hajavunja ungo, kwa sababu, alisema, macho ya mtoto kama huyo hayajachafuka na hayajui kusema uongo. Macho yaliyopatikana yalikuwa yangu.

Nikaketishwa katikati ya ukumbi. Mbele yangu pakawekwa sahani nyeupe ya maji yaliyodondoshewa wino, ubani ukafukizwa mpaka nikakohoa. Wanawake sita saba walijipanga ukutani. Mama alikaa karibu nami, shingo ameikaza, ananitazama kama mtu anayengoja barua.

"Tazama, mwanangu. Unaona nini?"

Niliona maji. Niliona na uso wangu mwenyewe, umepinda kidogo. Nikasema, "Sijaona kitu."

"Tazama vizuri. Mwanamume au mwanamke?"

Wote wakanikodolea macho. Nikahisi kwamba nikisema tena sijaona, nitakuwa nimemwangusha mama mbele za watu. Nikasema, "Mwanamke."

Mguno ukapita ukutani. Mganga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wallahi, sijapata kusahau utamu wa mguno ule. Mtoto wa miaka tisa, ambaye kila siku huambiwa ondoka hapa, kaa kule, leo watu wazima wamenyamaza wanamsikiliza yeye.

"Yuko mbali au karibu?"

"Karibu."

"Anafanya nini?"

Hapo ndipo ningeweza kukomea. Sikulazimishwa, na sitaki mtu anitetee. Nikasema nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu asubuhi ile ile: "Amemshika mama shingo."

Mama akashusha pumzi kwa kishindo. Mganga aliponiuliza kama namjua, nilikumbuka vijiwe vya mdako, nikasema, "Ni Bi Sikudhani."

Si mnaona? Mkono uliokuwa ukimkanda ndio uliogeuka ushahidi. Mmoja wa wale wanawake akasema, ah, ndiyo maana haishi kuja kila asubuhi, anakuja kukaza fundo lake! Mwingine akasema hata chale zile za mashavuni hakuzipenda tangu mwanzo. Mama akaishika shingo yake. Mie nikapewa kashata mbili na nikaambiwa nimebarikiwa macho. Nilizila zote.

Hakuna aliyempiga Bi Sikudhani wala kumtukana. Kwetu hatukuwa na haja ya hayo. Watu waliacha tu kununua mihogo yake. Kisimani alipofika, wenzake walichukua ndoo zao wakaondoka. Shikamoo zake kwa wazee zilipokelewa kwa kikohozi. Asubuhi ya kwanza alikuja na kitambaa chake cha moto kama kawaida, akakuta mlango umefungwa. Baada ya mwezi, mwenye nyumba akamweleza habari ya sahani, akamwambia atafute pengine.

Siku ya kuondoka alikuja mlangoni kwetu, mzigo wake kichwani.

"Hodi."

Mama alikuwa ukumbini na kofia mkononi. Akajiwekea kidole mdomoni kunionya nisiitikie.

"Hodi, Mama Zena."

Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Alingoja. Akapiga ya tatu, nasi ndani kimya, na alijua tumo, maana koroboi ilikuwa inanuka na mdogo wangu mchanga alikuwa analia. Mwishowe akasema kwa sauti ya kawaida, "Mie naondoka. Hiyo shingo usiache kuiwekea maji ya moto." Akaenda zake. Nyumba ya mtu ikapigwa hodi tatu bila kuitikiwa, na mwenye kupiga anaaga! Hata mbwa hatendewi vile.

Nilidhani mambo yamekwisha. Shingo nayo haikuwa na habari na mganga wala sahani yake. Idi ilikuwa inakaribia, mwenye duka akataka kofia mara mbili, na hapakuwa tena na wa kumkanda mama wala wa kumwambia inuka utembee. Mie pia nilikuwa nimeachiwa nirudi kwenye mdako, maana mwenye macho ya baraka hasumbuliwi. Mama akashona peke yake. Maumivu yakashuka begani, yakaingia mkononi. Vidole vikaanza kufa ganzi. Siku moja sindano ikamdondoka, akaiokota, ikadondoka tena, akakaa anautazama mkono wake huku machozi yanamtoka. Mkono ule ukifa, nyumba yetu nusu yake imekufa.

Baba hakungoja ushauri wa mtu. Alimpeleka hospitali mjini, nami nikafuatana nao kubeba kikapu. Tulipokewa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, kijana wa bara mwenye miwani. Alimgeuza mama kichwa taratibu, akambonyezabonyeza mishipa ya shingo, akamwambia amkamate kidole akibane. Kisha akamuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

Katika mwaka mzima waganga walimuuliza mama amegombana na nani, amemnyima nani, nani anamwonea kijicho. Hilo la kazi lilikuwa geni. Mama akasema, "Sina kazi. Nashona kofia tu."

"Hebu nionyeshe unavyokaa."

Mama akakaa chini sakafuni, akanyoosha miguu, akainamisha kichwa. Dresa akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba mishipa ya nyuma ya shingo inachoka kukishikilia kichwa kilichoinama, inakaza, inavimba, na ikiachwa hivyo muda mrefu huubana mshipa unaokwenda mkononi, ndiyo ile ganzi. Akamwambia apumzike na sindano wiki kadhaa. Akirudi kushona, aweke mto mapajani ili kofia ipande juu na kichwa kikae wima. Ainuke kila baada ya kitambo, alale na mto mdogo, akandwe kwa kitambaa cha maji ya moto. Akamfundisha pia kurudisha kidevu nyuma na kuzungusha mabega polepole, asubuhi na jioni.

Nilimtazama mama. Uso ulikuwa umemshuka. Neno kwa neno, ilikuwa ni sauti ya Bi Sikudhani, ila imevaa miwani.

Njiani baba alitangulia mbele. Nafsi ilikuwa inanisuta mpaka nikashindwa kutembea. Nikamshika mama kanga, nikamwambia, "Mama, siku ile sikuona kitu kwenye sahani. Nilisema tu."

Nilingoja kofi, na wallahi nililitaka. Mama alisimama. Akaniuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi na usimwambie."

Tukaendelea kutembea. Sikumwelewa wakati ule. Leo namwelewa sana, na sipendi ninavyomwelewa. Angelazimika kwenda nyumba kwa nyumba kusema mwanawe muongo na yeye mwenyewe mjinga, kisha amtafute mjane wa watu amwombe radhi. Ilikuwa rahisi zaidi kupona kimyakimya. Akapona kweli, si kwa wiki moja wala mbili, na mpaka anaingia kaburini alishona na mto mapajani. Wanawake wa Temeke walisema jini limemtoka kwa sababu mchawi amehama. Mama aliwasikia, na mie niliwasikia, na hakuna kati yetu aliyefungua kinywa.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nami nikawa mshonaji, na shingo ikaanza kunishika vile vile. Siku moja nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula Kurasini, alikokuwa akifanya kazi ghalani. Nje ya geti palikuwa na mama mtu mzima anawauzia makuli mihogo. Chale za mashavuni nikazitambua kabla sijamtambua yeye.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe si Zena? Mama hajambo shingo yake?"

"Hajambo. Amepona."

"Alhamdulillahi." Alisema kwa furaha ya kweli, nikatamani ardhi inimeze. Akaniona ninavyogeuka mwili mzima kumtazama. "Na wewe imekushika."

"Imenishika. Bi mkubwa, nikande kidogo tu, kama ulivyokuwa ukimkanda mama."

Akaikunja mikono yake ndani ya kanga. "Mie simshiki mtu shingo siku hizi. Tangu kule kwenu sijamshika mtu. Hata wajukuu zangu wakiugua, namwita jirani awakande."

Akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Nataka nikuulize kitu, mwanangu, na sina hasira. Ulikuwa mtoto, na mtoto hasemi uongo. Nasikia mtu aweza kuwa na jambo hilo ndani yake mwenyewe asijue. Siku ile, kwenye sahani, uliniona kweli?"

Makuli walikuwa wanapita, mmoja anadai chenji yake. Jibu lilikuwa maneno mawili, sikuona kitu, na nilikuwa nayo mdomoni. Nikafikiri: nikimwambia, atanitazamaje? Nikamjibu, "Bi mkubwa, nilikuwa mdogo mno. Sikumbuki."

Akaitika kwa kichwa, pole pole. "Haya, mwanangu," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Nililala siku nane na jibu lile. Siku ya tisa nikarudi Kurasini, nimekwisha kujiapiza kusema. Nikakuta mtu mwingine amekaa pale getini. Akaniambia Bi Sikudhani alisafiri kwao kusini na hajui kama atarudi. Hakurudi; baadaye nilisikia kwamba alifia huko huko.

Watu huniambia nilikuwa mtoto, nisijitese. La kwenye sahani nililifanya nikiwa mtoto, sawa. Pale getini nilikuwa mwanamke mzima, mke wa mtu. Bi Sikudhani aliyajua maumivu ya shingo kuliko sie wote, na mikono yake ilikuwa dawa, na nikamwacha aende kaburini akiiogopa.